Wakimya Wetu Hawamo Kwenye Simu

Msiba ukitokea hapa Mvumi, turubai likiwa bado linafungwa, kijana hutumwa nyumbani kwangu. "Shikamoo, Mwalimu. Wazee wanaomba utuandikie wasifu wa marehemu." Nilikwisha kustaafu kufundisha shule ya msingi, lakini kazi hii haina kustaafu. Wasifu una mpangilio wake na kila mtu anaujua: amezaliwa lini na wapi, wazazi wake ni akina nani, amebatizwa na kupata kipaimara kanisa gani, amesoma hadi wapi, ameoa au ameolewa, ameugua lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Hayo nayapata kwenye vyeti na kwenye daftari la kanisa. Linabaki fungu moja la mwisho, na hilo ndilo watu waliokaa juani hulisubiri: marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Fungu hilo limekuwa gumu kuliko zamani. Nilikuwa nakaa na wafiwa, wengine jikoni, wengine chini ya mti, nauliza, wanabishana, huyu anakumbuka hili, yule anamsahihisha, na taratibu mtu anasimama mbele yetu jinsi alivyokuwa. Siku hizi nikiuliza napewa simu. "Mwalimu, ingia kwenye grupu la ukoo, kila kitu kimo humo." Naingia. Ikiwa marehemu alikuwa mtu wa kuandika na kujipiga picha, kweli vimo. Ikiwa alikuwa mkimya, hakuna kitu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ndugu zake wa damu nao hawana tena cha kuongeza juu ya kile kilichomo kwenye grupu.

Nasema wazi ninachoamini. Kumbukumbu za koo zetu tumezikabidhi kwa watu wa hulka moja, wale wachangamfu wasioona tabu kujieleza mbele ya wengi, na tumefanya hivyo bila kikao na bila mtu kuulizwa. Wakimya wetu wanasahaulika wangali hai.

Msimu mmoja wa mvua niliandika wasifu wa watu wawili waliofariki karibu karibu. Wa kwanza alikuwa fundi pikipiki, baba wa makamo, admini wa grupu la ukoo wao. Kila asubuhi alituma neno la Biblia, mchana alituma picha ya zabibu zake zikiiva, jioni utani. Akienda mnadani alipiga picha na kila mbuzi. Wasifu wake niliuandika kwa muda mfupi, na watu walicheka na kulia humo humo. Alistahili. Nilimpenda mtu yule.

Wa pili alikuwa mama mkulima wa uwele na karanga, mwenye simu ya kitochi ambayo aliiwasha akitaka kupiga tu. Hapakuwa na picha yake. Kijana wa stesheneri alikata ile ya kitambulisho cha Taifa, akaikuza hadi macho yakawa madoa mawili ya kijivu, tukaiweka kwenye fremu mbele ya jeneza. Niliuliza alikuwa mtu wa namna gani. Binti akasema: alikuwa mpole. Mkwe akasema: alikuwa mpole, hana neno na mtu. Shemeji kutoka Dar es Salaam akasema: mama yetu alikuwa mpole sana. Wajukuu wakaniletea simu, na humo mlikuwa na mistari mirefu ya "pumzika kwa amani, bibi" na picha moja tu iliyotumwa kabla hajafa: amelala kitanda cha hospitali, mrija wa dripu mkononi, chini yake namba ya simu ya kutumia michango.

Tangu siku hiyo nilianza kuangalia, na nimeona ni jambo la kawaida. Mkimya huingia kwenye grupu la ukoo kwa milango miwili: akiwa mgonjwa na akiwa marehemu. Miaka sabini aliyolima, aliyozaa, aliyopatanisha wagomvi haimo. Vijana wa kesho wakitafuta bibi yao alikuwa nani, watamkuta na dripu.

Yule mama sikumwacha hivyo. Nilikwenda kwa wanawake wenzake wa Umoja wa Akina Mama, wale wa rika lake, nikawauliza kwa Kigogo badala ya Kiswahili. Wakashangaa kwamba sikujua. Alikuwa mpigaji wa muheme. Wasioijua Dodoma niwaeleze: muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, ngoma ndefu unayoibana katikati ya miguu na kuipiga kwa viganja, ukiwa umesimama. Wenzake wakaniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa anashika mapigo. Wengine wakichoka au wakipotea, walimtazama yeye. Mtu ambaye mtaani hakuwa na neno, akipewa ngoma alikuwa anawaamrisha wanawake wazima kwa kiganja.

Nikawaambia wajukuu watafute video za harusi za ukoo. Walikuwa nazo nyingi. Katika kila video simu imeelekezwa kwa wachezaji wa mbele, wanaoruka na kutikisa mabega, na hasa kwa shangazi mmoja anayejua kuitazama kamera. Bibi yao yuko nyuma. Unaona kiwiko, unaona ncha ya kitenge, na unasikia mkono wake tangu mwanzo hadi mwisho. Walimrekodi kwa miaka bila mmoja wao kujua kwamba wanamrekodi.

Wanasaikolojia husema hulka za watu zinatofautiana katika mambo kadhaa, na mojawapo ni uchangamfu, yaani kiasi cha mtu kupata nguvu kwa kuwa na wenzake na kujitokeza. Tafiti nyingi zimeona kwamba wachangamfu huandika na kuweka picha mtandaoni zaidi kuliko wakimya. Hilo hata asiyesoma angeweza kukuambia. Ambalo halijulikani sana ni mtandao unaifanya nini kumbukumbu ya mtu baada ya hapo.

Mwaka 2017 Qi Wang wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wanafunzi walioandika shajara ya matukio yao ya kila siku kwa wiki moja, wakieleza pia lipi waliliweka mtandaoni na lipi walikaa nalo. Baadaye walipopimwa, matukio yaliyowekwa mtandaoni yalikumbukwa vizuri zaidi, hata pale watafiti walipozingatia tofauti za uzito wa tukio na hisia zake. Kwa hiyo wanaodai kwamba simu inaua kumbukumbu moja kwa moja wanakosea. Ukilisimulia jambo lako kwa wengine, kwa mdomo au kwa simu, linakaa kichwani. Wazee wetu walilijua hilo bila maabara.

Lakini lifikirie jambo hilo ndani ya ukoo. Aliye mwepesi wa kusimulia anakumbuka zaidi maisha yake, na sisi tunayakumbuka pamoja naye. Facebook nayo, tangu mwaka 2015, imekuwa ikiwarudishia watu walichoandika tarehe kama ya leo miaka iliyopita. Anayerudishiwa ni yule aliyeandika. Msimulizi anapewa nafasi ya pili na ya tatu. Asiyesimulia hapewi hata ile ya kwanza.

Kuna utafiti mwingine unaonigusa zaidi. Mwaka 2007, huko New York, Alexandru Cuc, Jonathan Koppel na William Hirst walionyesha kwamba mtu akisimulia sehemu ya habari na kuruka sehemu nyingine, ile aliyoiruka inafifia kichwani mwake, na inafifia kichwani mwa msikilizaji pia. Tena inafifia kuliko habari ambayo haikuguswa kabisa. Nimeisoma habari hiyo nikimfikiria yule mama wa muheme. Kila harusi ilipotumwa kwenye grupu ikiwa na wachezaji bila mpigaji, yeye alizidi kufutika kuliko kama harusi isingetumwa kabisa. Simulizi nusu inafuta nusu iliyobaki, na inafanya hivyo hata kama msimulizi ana nia njema.

Ndiyo maana siwezi kukubali jibu ninalopewa na vijana: "Basi na wao waweke vya kwao, Mwalimu, nani kawakataza?" Hakuna aliyewakataza. Lakini ukimya hauponyeki kwa bando. Wapo wanaokaa kimya kwa sababu ya macho. Uandishi wa herufi ndogo kwenye kioo unawashinda. Wapo ambao bando la wiki ni bei ya sukari. Wapo, na hawa ni wengi kuliko tunavyodhani, ambao ni wakimya kwa Kiswahili lakini si kwa Kigogo. Mzee anayejibu "salama" kwenye simu ya mjukuu aliyeko Mwanza, ukimwamkia "mbukwa" asubuhi shambani, hamuachani hadi jua limepanda. Na wapo ambao Mungu aliwaumba hivyo, wanatazama kwanza, wanasema wakiulizwa, na wakiulizwa mara moja kwa haraka hawasemi. Hawa wa mwisho ndio ninaowapigania hapa. Hulka yao haina kasoro ya kurekebishwa.

Tena mara nyingi hao ndio wenye kumbukumbu kubwa kuliko wote. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alichapisha kitabu kuhusu kukumbuka ambacho bado kinasomwa vyuoni. Ndani yake anaeleza alivyokwenda kwa Waswazi, kusini mwa Afrika, akakutana na mchungaji aliyeweza kutaja ng'ombe walionunuliwa karibu mwaka mzima nyuma, mmoja mmoja, na bei na alama zao. Walipolinganisha na daftari la mwenye ng'ombe, makosa yalikuwa machache na madogo. Bartlett hakumwona yule mchungaji kuwa mtu wa ajabu. Aliona kwamba mtu hukumbuka kile ambacho maisha yake na jamii yake vimekiweka mbele, na kwa Waswazi kilichowekwa mbele ni ng'ombe.

Mgogo yeyote akisoma hapo atatabasamu. Ninaye jirani, mzee wa kiti cha chini, ambaye wajukuu zake wamezoea kusema kwamba babu hana stori. Nilikwenda kwake nikiwa na jambo moja tu: mwaka 1986. Mwaka ule mifugo iliamriwa kuondolewa katika tarafa yetu ya Mvumi. Ulikuwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Kondoa walitangulia kuhamisha mifugo yao mwaka 1979, kisha zamu yetu ikafika. Ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo, hilo ni kweli, na miti ilirudi baadaye, hilo nalo ni kweli. Nilikuwa mwalimu kijana wakati ule, na nakumbuka watoto waliokuja darasani wakinuka moshi na machozi. Zaidi ya hapo nilikuwa nimebaki na neno la jumla tu: ng'ombe waliondoka.

Sikumwambia mzee "nisimulie maisha yako". Nilimuuliza: ng'ombe wako wa mwisho kutoka zizini alikuwa wa rangi gani? Akanyamaza muda mrefu, nikamwacha anyamaze. Kisha akaanza. Mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, alipelekwa kwa mjomba wake ng'ambo ya mpaka wa tarafa. Mweusi mwenye pembe iliyovunjika, kwa rafiki aliyewahi kuwekesha kwake ng'ombe wa mahari. Ndama wawili waliuzwa, na akanitajia nani alinunua na fedha ilifanya nini: mmoja alilipa ada, mwingine aliishia kwenye ugonjwa wa mke wake. Alikwenda hivyo hadi zizi likawa tupu, naye hakukosea mpangilio hata nilipomrudisha nyuma. Nilijaza kurasa za daftari. Ndani ya orodha ile mlikuwa na ukoo mzima: nani alimwamini nani, nani alisaidiwa wakati gani, undugu gani ulilegea baada ya ng'ombe kutorudi. Mjukuu wake, mwenye simu nzuri kuliko yangu, alikuwa amekaa pembeni. Alikuwa hajawahi kusikia lolote kati ya hayo.

Jirani mwingine sikumuwahi. Alikuwa mtu wa kazi zake, mjenzi wa nyumba, hakuingia kwenye grupu lolote. Siku ya mazishi yake, wasifu ukiwa umeshasomwa, mzee mmoja mgeni alisimama akasema kwamba alijuana na marehemu Igandu. Watu wakanyamaza. Wenye umri wangu wanaijua ajali ya Igandu, 24 Juni 2002, treni ya abiria ilipopoteza nguvu ya breki na kurudi nyuma kwa kasi kwenye mteremko, watu 281 wakafa. Kumbe fundi wetu alikuwa kule kwa kazi ya ujenzi na alishinda siku hiyo akitoa watu kwenye mabehewa. Mke wake alijua. Watoto wake hawakujua. Walikuwa wamesimama mbele ya kaburi wakimsikia baba yao kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu wasiyemfahamu.

Najua nitakachojibiwa: mtu akinyamazia jambo kama hilo, ana sababu. Nakubali, na kwa moyo wote. Wapo wanaonyamaza kwa sababu kusema kunawarudisha palepale. Kunyamaza ni haki ya mtu. Hata sheria ya nchi imeanza kuelekea huko: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imejengwa juu ya msingi kwamba taarifa za mtu zina mwenyewe, na ridhaa yake ina uzito. Bibi aliyepigwa picha akiwa na dripu hakuulizwa. Kama kuna kitu ningependa kikome leo kwenye magrupu yetu, ni hicho. Mchango unaweza kuombwa kwa jina na kwa picha ya mtu akiwa ameketi mlangoni kwake amevaa nguo zake.

Lakini kuna anayenyamaza kwa kuchagua, na kuna anayenyamaza kwa sababu hakuna aliyemuuliza na kusubiri jibu. Hao wawili tunawachanganya kwa sababu inaturahisishia. Ukiniambia "babu hapendi kusema", nitakuuliza: ulikaa naye muda gani kabla hujafikia uamuzi huo, na simu yako ilikuwa wapi?

Wala sisemi kwamba zamani ilikuwa haki tupu. Waliokaa barazani na kusikilizwa walikuwa wanaume, tena wanaume wenye mifugo na maneno. Mtemi Mazengo wa hapa Mvumi jina lake lilipewa shule ya sekondari mjini Dodoma, na hata baada ya majengo yale kuwa Chuo Kikuu cha St John's, wazee bado wanapaita Mazengo. Watawala na wasemaji hawana shida ya kukumbukwa, enzi yoyote ile. Ila zamani palikuwa na kitu ambacho kilimlazimisha hata mkimya kusema, nacho ni giza. Jioni ndani ya tembe hakuna anayejua nani anatazamwa, na bibi asiyefungua mdomo mchana alikuwa na zamu yake.

Kwa njia hiyo tumeipata habari ya Mtunya. Njaa ile ya 1917 hadi 1920, ambayo majeshi ya Wajerumani na Waingereza waliichochea kwa kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi huku mvua ikikataa, iliua watu wapatao 30,000 katika Ugogo wa watu 150,000, kwa makadirio ya mwanahistoria Gregory Maddox. Hapana picha za familia zetu za wakati ule. Hata hivyo nyumba nyingi hapa zinajua nani alikwenda wapi kutafuta chakula, nani hakurudi, mtoto yupi alibadilishwa kwa nafaka. Walioyabeba hayo hawakuwa wasemaji wa baraza. Walikuwa bibi zetu.

Na tumpe heshima yake mtu aliyejua kuuliza. Mathias Mnyampala, mtoto wa Ugogo aliyezaliwa mwaka 1917, Mtunya ikianza, alifanya kazi ya ukarani na baadaye ya mahakama, lakini alipata muda wa kukaa na wazee na kuandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichochapishwa mwaka 1954. Watu wengi wanamkumbuka kwa ngonjera. Mimi namshukuru zaidi kwa masikio yake. Kitabu kile kisingekuwapo kama angeandika ya wale tu waliomjia wenyewe.

Vijana wa leo wana chombo ambacho Mnyampala hakuwa nacho. Simu hiyo hiyo ninayoilalamikia inarekodi sauti saa nzima bila kununua kaseti. Sitaki izimwe. Nataka igeuzwe upande.

Nasema na maadmini wa magrupu ya ukoo, maana ninyi sasa ndio mmekalia kiti cha wazee, mpende msipende. Mnajua nani anaandika kila siku. Andikeni orodha ya wasioandika kamwe, na wale ambao hawamo kabisa kwa sababu simu yao ni kitochi. Mpeni kila mmoja mtu wa kumwendea, mjukuu au mpwa, anayeelewa Kigogo au aliye tayari kukaa na anayeelewa. Asiende na kamera mbele. Aende na kazi: kupeta uwele, kuchambua mlenda, kubangua karanga. Mikono ikiwa na shughuli, mkimya husema. Aombe ruhusa kabla hajabonyeza kurekodi, na akikataliwa asikilize tu, aandike akifika nyumbani, kisha arudi kumsomea mwenyewe alichoandika na kumuuliza kipi kitolewe.

Na maswali yawe ya vitu. Ukisema "bibi, nieleze historia yako", unampa mtihani. Muulize nani alimfundisha kupiga ngoma, na nani alikuwa akipiga kabla yake. Muulize mlango wa tembe ya mama yake ulitazama wapi, na walilalaje siku ya mgeni. Muulize siku ya kuhamia kijijini, wakati wa Operesheni ya miaka ya sabini, walibeba nini kichwani na waliacha nini. Babu muulize ng'ombe. Ukimya wa katikati usiujaze kwa maneno yako. Hapo ndipo anapotafuta.

Desemba inakuja. Watoto wetu watashuka kwenye mabasi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na kama mvua itakuwa imeanza, bibi zao watakuwa shambani wakipanda. Mwaka jana niliwaona wengi wakiwasubiri nyumbani hadi warudi, kisha wakapiga nao picha moja ya Krismasi na kuituma kwenye grupu. Mwaka huu chukueni jembe, muwafuate shambani. Mkirudi mjini, sauti mlizorekodi msiziache kwenye simu moja, maana simu hupotea na huibwa: andikeni jina la aliyesema, la aliyeuliza, mahali na tarehe, mweke nakala kwa ndugu wawili wanaoishi miji tofauti, na moja ya karatasi mniletee mimi. Nina daftari la kila ukoo unaokubali, na mkisha kuniletea, siku nitakapogongewa mlango sitaomba simu.